Mlango Nambari Nne Washuka Ngazi

Kitasa kikalia krrk. Kikalia tena krrk. Nesi akafumbua jicho moja, maana la pili lilikataa katakata.

Mnakumbuka mlipomwachia. Saa tatu asubuhi, ametoka zamu ya usiku wodini, miguu imevimba kama mikate iliyozidi hamira, kajitupa kitandani na sare yake mwilini. Mlango kaufunga mwenyewe. Ufunguo kautia chini ya mto. Na ufunguo ni mmoja tu, dalali aliapa mpaka akashika kifua. Sasa ufunguo uko chini ya mto na mlango unafunguliwa kutoka nje.

Ukafunguka.

Akaingia bibi kizee.

Najua baadhi yenu mlikuwa mnaombea jini la jumba kongwe, au angalau mwizi mwenye sura nzuri. Poleni. Alikuwa bibi mfupi, miwani yake minene kama kitako cha chupa, kikapu mkononi, na ufunguo mrefu wa chuma umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Akavua kandambili, akazipanga ukutani bila kuangalia, kama mtu anayejua zinakaa wapi.

"Shikamoo," Nesi akasema. Ndivyo alivyolelewa. Hata moto ukiingia na mvi kichwani angeuamkia kwanza, ndipo akimbie.

"Marahaba, mwanangu. Habari za usingizi? Umelala kwangu."

"Kwako wapi, bibi?"

"Hapahapa. Lakini usijisumbue kuamka. Mimi nachemsha chai, wewe malizia usingizi, halafu tutazungumza unaondoka saa ngapi."

Nesi akaketi. Kichwa kilimzunguka. Katika miaka miwili alikuwa amehama mara tano. Nyumba ya kwanza ilivuja. Ya pili jirani alikuwa na kinu cha kusaga. Ya tatu mwenye nyumba alirudi kutoka safari, ya nne mwenye nyumba alioa, ya tano sitaki hata kuikumbuka, na yeye pia hataki. Hii ya sita, ghorofa ya pili katika jumba la kale katikati ya mji, lililokarabatiwa likang'aa kama bibi harusi, aliipanga kwa sababu moja. Dalali alipomwonyesha jiko jipya, aliuliza, "Kuna kimya?" Akamwonyesha roshani ya chuma iliyosukwa kama kitambaa cha kufuma, akauliza, "Kimya lakini?" Akamwonyesha marumaru za bafuni, dari ya mbao, madirisha ya vioo viwiliviwili. Nesi akagonga kioo kwa kucha, akasikiliza mtaa ulivyozimika, akatia saini palepale.

Halafu alimpigia simu binti yake wa miaka saba, anayelelewa na dada yake. "Jumamosi nakufuata. Hii ndiyo ya mwisho, mama. Hatuhami tena."

Leo ilikuwa Alhamisi.

"Bibi," akasema taratibu, kwa ile sauti ya kuwaambia wagonjwa kwamba dripu haing'olewi, "umekosea nyumba."

"Nimekosea nyumba nina ufunguo?"

Nesi akapapasa chini ya mto. Ufunguo wake ulikuwa palepale. 

Bibi akaurudia mlango, akaupapasa kama mtu anayempapasa mjukuu aliyerudi kutoka bweni. "Hii nambari nne niliipangusa vumbi miaka thelathini na minane. Imechongwa ndani ya mbao, haibanduki. Na hili bonyeo hapa, hili, ni kazi ya marehemu mume wangu. Aliingiza kabati kwa pupa. Nikamwambia zungusha, baba, zungusha. Hakuzungusha." Akapagusa tena. "Mlango ni wangu. Kilichonishangaza ni ngazi tu."

"Ngazi zina nini?"

"Zamani nilikuwa siingii kwa ngazi. Leo nimepapasa milango yote tangu chini, nikajikuta juu huku, pumzi sina. Nikasema, kumbe ndio ukarabati wenyewe. Wameipandisha nyumba."

Nesi alitaka kucheka, lakini kucheka kunahitaji nguvu.

Bibi akatoa karatasi kikapuni, ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine wa plastiki. Nesi akaisoma kwa lile jicho moja. *Mpangaji anapisha ukarabati kwa muda wa miezi mitatu, kisha atarejea katika makazi yake yenye mlango nambari nne.* Saini ya dalali, na mkia wake mrefu kama wa tiara.

"Miezi mitatu hii ilianza lini?"

"Huu ni wa kumi na moja. Nalala kwa mkwe wangu, ukumbini, kati ya jokofu na mlango wa choo. Jokofu likinyamaza mtu anakwenda choo. Mtu akitoka choo jokofu linaanza. Nimechoka, mwanangu. Jana nikawaambia, nyumba imeisha kupakwa rangi, mimi narudi kwangu."

Nesi akavuta droo, akatoa mkataba wake. *Makazi yenye mlango nambari nne.* Saini ileile, mkia uleule.

Wakatazamana.

"Basi tutafanyaje?" Nesi akauliza.

"Sukari unaweka wapi?" Bibi akajibu.

*

Dalali aliitwa kwa simu na dakika haikuisha akafika, kwa sababu ofisi yake iko chini kabisa, kwenye jumba hilohilo. Mtaani wanamwita Tabasamu. Alizaliwa akitabasamu, na inasemekana alitabasamu hata kwenye mazishi ya mama mkwe wake, ingawa hapo tusimlaumu bila kusikia upande wa pili.

"Bibi yangu kipenzi!" akasema. "Nani amekupandisha huku na hayo magoti?"

"Wewe," Bibi akasema.

Tabasamu akacheka, akamshika Nesi kiwiko, akamvutia jikoni, akarudisha mlango nusu.

"Sikiliza, Nesi. Wewe ndiye uliye ndani. Una kitanda ndani, una vyombo ndani. Bibi yule, mzee wa watu, akili zinakwenda na kurudi. Karatasi hii hapa. Andika tu kwamba amevunja mlango akaingia. Nawaita walinzi wamtoe kwa upole. Dakika kumi, unalala."

Unalala! Neno hilo lilimwingia Nesi kama sindano ya ganzi. Vidole vikapokea kalamu vyenyewe. Akaweka tarehe. Akaandika saa. Akaandika nusu ya jina lake.

"Na mwenye nyumba anasemaje?" akauliza, si kwa kutaka kujua, ila kalamu ilikuwa nzito.

"Mwenye nyumba yuko ng'ambo kwa matibabu. Kila kitu ameniachia mimi. Malizia jina."

"Mwanangu!" Bibi akaita kutoka sebuleni. "Chai nakutilia vijiko viwili? Mtu wa zamu anahitaji viwili!"

Kalamu ikasimama.

Wodini kwao kuna daftari kubwa la ripoti. Ukiandika humo kwamba umetoa dawa na hukuitoa, anayekuja zamu ya pili anaamini, na mtu anaondoka duniani kwa mwandiko wako. Miaka kumi na minne Nesi ameandika daftari hilo akiwa hoi, akiwa na homa, akiwa na mimba, na hajawahi kuandika asichokiona.

"Amevunja nini?" akauliza.

"Mlango."

"Mlango mzima ule pale."

"Ni lugha ya kiofisi tu."

"Na alibisha hodi." Nesi akakuna shingo kwa aibu. "Nilisikia. Mara tatu. Nikajifunika mto usoni nikajifanya naota."

"Hodi tatu nilizibisha!" Bibi akadakia. Masikio yake hayahitaji miwani. "Ya nne nikajifungulia. Kwangu sibishi hodi ya nne!"

Nesi akakata ile nusu ya jina, mstari mmoja ulionyooka kama kazini, akairudisha karatasi.

Tabasamu hakukasirika. Akaikunja, akaitia mfukoni. "Vizuri. Basi mfahamu hivi. Nambari nne ni moja, ninyi ni wawili. Saa kumi jioni narudi kutazama nani kabaki. Mimi sitachagua." Akaanza kuondoka kwa furaha, huyo, anapiga mluzi.

"Nani aliutundika mlango huu?" Nesi akauliza.

Mluzi ukakatika.

*

Aliyeutundika alikuwa ng'ambo ya ukumbi, amepiga magoti, anapigilia ubao wa chini ya ukuta. Fundi Randa. Penseli sikioni, vumbi la mbao hadi kwenye kope, na uchovu wa mtu aliyeambiwa kazi ya miezi mitatu akafika wa kumi na moja. Alikuja akipiga miayo. Nesi akaipokea ile miayo, Bibi akaipokea kwa Nesi, hata Tabasamu akafunga mdomo kwa nguvu isimfikie.

"Shikamoo, bibi. Tatizo nini? Unakwaruza?"

"Mlango huu ulikuwa wapi kabla ya ukarabati?" Nesi akauliza.

Fundi akamtazama dalali. Akatazama dari. Akajikuna.

"Sema kweli, mwanangu," Bibi akasema. "Una mama?"

"Ninaye."

"Analala wapi?"

Fundi Randa akavua kofia.

"Iko hivi. Milango tuliing'oa siku moja, yote kumi na miwili, ipigwe msasa. Kila mmoja nikauandikia kwa chaki ukingoni unakotoka: chini kulia, juu kushoto, hivyo. Fundi wa rangi naye, mtu wa kusifiwa, akapiga msasa mpaka ukingoni. Nikarudi asubuhi nikakuta milango misafi kama mayai. Chaki yote imekwenda na vumbi."

"Lakini ina nambari!" Nesi akasema.

"Nambari hazifuatani. Zamani walichonga kwa jinsi watu walivyoingia. Mwenye nyumba alipewa moja, aliyemfuata mbili, hata kama ni darini. Anayejua nani alikuwa wapi ni mwenye nyumba peke yake. Nikamuuliza bosi hapa, akaniambia, tundika unavyoona inakaa." Akaikunjakunja kofia. "Nikatundika kumi na mmoja. Mmoja bosi akasema atautunza mwenyewe."

"Fundi, rudi kazini," Tabasamu akasema.

"Huu ulikaa?" Nesi akauliza.

"Haukukaa. Ulizidi vidole vinne. Milango ya chini mirefu, ya juu mifupi, ndivyo majumba haya yalivyo. Lakini mbao kongwe haikatwi. Aliyenifundisha kazi angefufuka anichape na pima maji. Nikachimba kizingiti."

Nesi akatazama kidole gumba cha mguu wake, kilichofungwa plasta. Wiki mbili nzima amekuwa akijikwaa kwenye lile shimo, akidhani ni usingizi.

"Kama huu ulizidi vidole vinne juu," akasema polepole, "kuna mmoja ulipungua vidole vinne chini."

"Upo. Niliuunga kipande cha mbao nyeupe. Umekaa kama mtu aliyevaa suruali fupi na soksi nyeupe. Uko pale kwenye..."

Akamtazama dalali. Wote wakageuka. Na hapo, wasomaji, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, dalali hakutabasamu.

*

Wakashuka. Bibi mbele, kwa makalio, ngazi moja moja, maana magoti yalishamaliza kazi ya siku. Nesi nyuma yake, kandambili za Bibi mkononi.

Mlango wa ofisi ya dalali ulikuwa palepale, na soksi yake nyeupe. Nambari saba, imechongwa juu. Bibi hakuugusa. Aliingia ndani, akahesabu hatua kumi na mbili mpaka dirishani, mkono wake ukashuka wenyewe ukakuta ukingo, ukaingia kwenye kishimo kidogo cha jiwe.

"Hapa nilikuwa naweka mshumaa umeme ukikatika." Akapumua. "Ngazi hazikuongezeka. Mimi ndiye niliyepandishwa."

"Bibi," Tabasamu akasema, na uso ulishaanza kumrudia, "mkataba wako unasema mlango nambari ngapi?"

"Nne."

"Huu ni wa ngapi? Saba. Kuna mahali pameandikwa 'chini'? Hakuna. Kuna mahali pameandikwa 'penye kishimo cha mshumaa'? Hakuna. Mimi nafuata karatasi."

Nesi aliegemea ukuta, na ukuta ulikuwa mzuri sana, laini, wa baridi. Angeweza kulala akiwa amesimama; farasi wanaweza, na manesi pia. Akawaza kitanda chake juu. Akawaza jokofu na mlango wa choo. Akawaza Jumamosi.

"Fundi," akasema macho ameyafumba, "una bisibisi?"

"Ninayo."

"Kama ni mlango unaotakiwa, tumletee mlango."

Fundi Randa alifikiri kidogo. Kisha akatabasamu yeye, maana tabasamu la pale lilikuwa limebaki bila mwenyewe. "Mama, kwa miezi kumi na moja hii ndiyo kazi ya kwanza yenye maana."

Bawaba tatu, skrubu kumi na mbili. Mlango nambari nne ukatoka juu ukiwa mzito kama ng'ombe aliyegoma. Fundi alitaka kuubeba kwa mgongo.

"Usipinde mgongo!" Nesi akamkaripia. "Piga magoti. Mgonjwa habebwi hivyo. Kwa hesabu yangu. Moja, mbili, na..."

Wakashuka nao, kituo kila baada ya ngazi tano. Mara moja ukawaelemea, Nesi akauzuia kwa paja, akatamka neno ambalo gazeti hili halichapishi. Bibi chini akawa anaelekeza: "Zungusheni! Zungusheni, jamani! Msifanye kama marehemu!"

Wakazungusha.

Suruali fupi ikatolewa. Mlango nambari nne ukaingia kwenye fremu ya chini kama mguu unaoingia kwenye kiatu chake cha zamani. Haukukwaruza popote. Bibi akavua ufunguo shingoni, akautia. Krrk. Akafungua, akafunga, akafungua tena, miwani imemjaa ukungu.

"Karibuni kwangu," akasema.

Tabasamu alikuwa amesimama kando muda wote, mikono mfukoni, hakuzuia hata kidogo. Hilo lingemshtua Nesi kama asingekuwa amechoka. Alingoja mpaka skrubu ya mwisho ilipokazwa.

"Hongereni sana. Nesi, na mkataba wako unasema mlango nambari ngapi?"

Nesi akautoa mkataba wake mfukoni mwa sare. 

"Nne, sivyo? Na mlango nambari nne uko wapi? Uko huku chini. Umeubeba mwenyewe, kwa mikono yako, mbele ya shahidi mwenye penseli. Ile ya juu sasa naitia nambari saba. Nambari saba ina mpangaji wake, anakuja saa kumi na gari la vyombo. Vyako naomba viwe vimetoka."

Nesi akaketi kwenye ngazi ya kwanza. Mara ya sita. Safari hii hakufukuzwa na mvua wala na kinu wala na harusi ya mtu. Amejihamisha mwenyewe, tena bure, tena kwa hesabu ya moja, mbili, tatu. Machozi yalitaka kuja, yakaona njia ndefu, yakaahirisha. Akaanza kufikiri maneno ya kumwambia mtoto. Yalikuwa yaleyale ya mara tano zilizopita. Hakuhitaji hata kuyapanga.

"Pole, mama," Fundi akanong'ona. "Ningejua..."

"Hebu nisomeeni tena," Bibi akasema kutoka ndani. "Ule wa kwake. Polepole."

Fundi akausoma. "Makazi yenye mlango nambari nne."

"Na wangu?"

"Makazi yake yenye mlango nambari nne."

"Basi kawapangisha watu wawili mahali pamoja, saini moja. Na yeye mwenyewe anafuata karatasi, kasema." Bibi akagonga mlango kwa kifundo cha kidole, kama mwalimu ubaoni. "Mwanangu, inuka hapo utapata baridi ya tumbo. Makazi yako ni haya. Vyumba viwili na jiko, mimi na marehemu tulilea humu watoto wanne. Mtoto wako ana umri gani?"

"Saba."

"Ananung'unika akilala?"

"Hapana, bibi."

"Bora kuliko jokofu. Ingia."

"Na ofisi yangu?" Tabasamu akaruka.

"Ofisi yako ina mlango nambari ngapi, baba?"

Dalali akatazama juu, akatazama chini, akatazama ule mlango wa saba ulioegemezwa ukutani na soksi yake imevuliwa. Na kabla hajapata neno, Bibi alimvuta Nesi ndani kwa sare, Fundi akapita naye kwa kuwa sanduku lake la zana lilikuwa ndani, na mlango ukafungwa. Krrk.

Ngumi zikaanza kunyesha kutoka nje.

"Fungueni! Mna wazimu? Kuna nyaraka humo!"

"Hodi tatu kwanza!" Bibi akamjibu.

Ofisini mlikuwa na sofa. Ya ngozi, ndefu, ya kukalishia wateja wanaokaribia kutia saini. Nesi aliiona akasahau kila kitu. Akalala ubavu, akakunja miguu, akavuta koti la dalali lililokuwa kitini akajifunika. Ngumi za mlangoni zikawa mbali, zikawa kama mvua ya mtaa mwingine.

"Chumba cha ndani msikiguse!" Tabasamu akapiga kelele, na sauti yake sasa haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya woga. "Ni stoo! Kuna rangi, kuna tindikali! Mtakufa!"

"Chumba gani cha ndani?" Bibi akauliza. "Cha kushonea? Pale hapana mlango. Palikuwa na pazia langu la maua."

"Pana mlango, bibi," Fundi akasema taratibu. "Na mimi sikuutundika."

Nesi akiwa amebakiza hatua moja azame usingizini, akasikia kikohozi.

Kilitoka nyuma ya mlango ule wa ndani. Kirefu, chenye maji chini yake. Kisha sauti ya mzee, iliyochoka kuliko wao wote:

"Jamani, kelele za nini? Mtu hawezi kulala hata nyumbani kwake?"

Ufunguo ukamwanguka Bibi, ukalia sakafuni.

"Ile sauti," akasema. "Ile sauti ndiyo iliyonikaribisha kwenye nyumba hii miaka thelathini na minane iliyopita."

Nesi alishasimama. Hakumbuki alivyosimama. Kikohozi kama kile akikisikia hata akiwa maiti atainuka, atafute kiti, atafute mto, amkalishe mtu wima. Alivuka chumba, akashika mlango, ukagoma. Nambari ilikuwa imejaa rangi mpya, haisomeki kwa macho. Bibi akaja, akaipapasa kwa vidole.

"Moja," akasema.

Na komeo, jipya, linang'aa, skrubu zake bado zina unga wa mbao, lilikuwa upande wao. Upande wa nje. Aliyelala mle alikuwa amefungiwa.

"Mwenye nyumba yuko ng'ambo kwa matibabu," Fundi Randa akasema, kama mtu anayerudia somo ambalo ndiyo kwanza ameanza kulielewa.

Nesi akaweka kidole kwenye komeo. Ndipo alipogundua kwamba ngumi za nje zimenyamaza.

Dalali aliapa ufunguo ni mmoja. Wa Bibi ulikuwa sakafuni. Wa Nesi ulikuwa juu, chini ya mto.

Kitasa cha mlango nambari nne kikalia krrk.